Gharama halisi ya kukarabati bafu Mwanza: fedha yangu imeliwa na vitu vilivyo chini ya marumaru

Mwanzisha uzi, Kitangiri

Ndugu zangu, habari za leo. Kila anayeuliza bei ya kukarabati bafu la nyumbani hujibiwa haraka kwamba milioni moja na nusu inatosha. Mimi pia nilijibiwa hivyo, nikaamini, nikaanza kazi na bajeti ya 1,450,000, na juzi nimefunga daftari likiwa na jumla ya 2,407,000. Sijaibiwa na mtu. Tofauti hiyo ya 957,000 imetokana na vitu ambavyo sikuvihesabu kwa kuwa havionekani kazi ikiisha, na ndiyo sababu ninaweka daftari langu lote hapa, ili mwenye kujiandaa ajue fedha inakwenda wapi.

Bafu langu lina upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2.4, choo na sehemu ya kuogea vikiwa humo humo. Nyumba iko mlimani, na wenyeji mnajua hali ya milima yetu: unachimba futi moja ya udongo, unakutana na jabali. Nilikuwa na sababu mbili za kukarabati. Kwanza, mayu wangu, yaani mama yangu, amehamia kwetu kutoka Ukerewe, magoti yake hayamruhusu tena kuchuchumaa, na kila alipokwenda chooni ilibidi mke wangu asimame mlangoni akisikiliza kama kuna kishindo. Pili, ukuta wa chumba kinachopakana na bafu ulikuwa umelowa kuanzia chini hadi kiunoni, rangi ikibanduka kama maganda ya kitunguu, na jirani yangu wa nyumba ya chini alikuwa amelalamika kwa upole zaidi ya mara mbili kwamba ukuta wake wa nyuma hauishi unyevu hata wakati wa kiangazi.

Bajeti yangu ya kwanza ilikuwa hivi. Kuta nilipanga zivishwe marumaru za sentimita 30 kwa 60 hadi kimo cha mita 2.1. Mzunguko wa chumba ni mita 7.8, hivyo ukizidisha kwa kimo na kutoa nafasi ya mlango unabaki na mita za mraba 14.9, ukiongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya zinazokatwa na kuvunjika unafika 16.4. Boksi moja la vipande 8 linafunika mita 1.44, kwa hiyo nilinunua maboksi 12 kwa 32,000 kila moja, yaani 384,000. Sakafu ni mita 3.6 tu, ikachukua maboksi 3 ya 35,000, yaani 105,000. Choo cha kukaa pamoja na tanki lake 260,000, sinki la kunawia na koki yake 95,000, shawa na valvu 85,000. Hivyo vyote vinavyoonekana kwa macho vilifika 929,000, nikaongeza 350,000 za mafundi na 170,000 za saruji na mchanga, nikaona nimemaliza.

Sasa angalieni yale niliyoyalipia kweli, badala ya zile 350,000 na 170,000. Mabomba ya maji safi na majitaka ya ndani 140,000. Saruji mifuko 7, 140,000, na mchanga 60,000. Gundi ya marumaru mifuko 5 na groti ya kujazia mianya kati ya marumaru, 114,000. Dawa ya kuzuia maji kupenya 110,000. Fundi bomba 250,000, fundi marumaru 185,000 kwa hesabu ya 10,000 kila mita, vibarua wa kubomoa na kubeba kifusi 120,000, kwa maana gari halifiki mlangoni na kila ndoo inashuka kwa kichwa. Fundi umeme na vifaa vyake 45,000. Vishikio viwili vya chuma vya mama, kimoja kando ya choo na kingine chini ya shawa, 60,000. Hapo, pamoja na zile 929,000, ni 2,153,000, na bado sijagusa kilichonishtua zaidi, yaani bomba la kwenda kwenye chemba (kishimo chenye mfuniko ambamo mabomba ya majitaka hukutana), ambalo limekula 254,000 peke yake.

Tulipobomoa sakafu ndipo tukaona chanzo cha unyevu wa nyumba mbili. Bomba la inchi 4 lililotoka chooni lilipita moja kwa moja kuelekea kwenye chemba, umbali wa mita 4.5, na katikati ya njia kulikuwa na jiwe. Fundi aliyejenga zamani, badala ya kulipasua jiwe au kulikwepa, alilipandisha bomba juu yake kwa vidole vinne hivi kisha akalishusha tena. Kwa miaka yote hiyo majitaka yalikuwa yanapanda mlima ndani ya bomba. Yalituama nyuma ya jiwe, kiungo kikalegea, na maji yakawa yanavuja polepole, yanateleza juu ya jabali chini ya udongo na kutokeza kwenye ukuta wa jirani. Niliposhika ule udongo mkononi ulikuwa mweusi, laini kama unga uliokandwa, na harufu yake sitaisahau.

Wapasua mawe walinitajia 480,000 kwa tindo na nyundo, kwa kuwa huwezi kuchoma moto ndani ya nyumba kama wanavyofanya kwenye viwanja. Fundi bomba wangu akaniambia tusikimbilie jiwe kabla ya kupima. Alichukua mpira mweupe unaoonyesha maji, akaujaza, ncha moja akaishika kijana wake kwenye tundu la choo na nyingine akaishika mwenyewe kwenye chemba. Maji ya ncha mbili hukaa usawa mmoja daima, hata kama kati yao kuna nyumba nzima. Akatia alama, akapima kwa futi: chemba ilikuwa chini kwa sentimita 22. Njia ya kuzunguka jiwe ilikuwa mita 9, hivyo kila mita ingepata zaidi ya sentimita 2 za mteremko, nazo zinatosha. Tukazunguka. Mabomba mawili ya mita 6 yalinigharimu 64,000, chemba mbili ndogo kwenye kona pamoja na mifuniko 130,000, na uchimbaji wa mtaro 60,000. Dakika ishirini za mpira wa maji zimeniokolea 226,000.

Kazi yote ilichukua siku 24. Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji wa Buhongwa

Kaka, asante kwa kuweka hesabu wazi namna hii, maana wengi wetu hujenga kwa kukisia. Mimi ni mama wa watoto watatu na nina bajeti isiyozidi 1,300,000. Bafu langu linakaribia ukubwa wa lako, na marumaru za zamani bado zipo ingawa zimefubaa. Fundi aliyekuja kuangalia ameniambia hakuna haja ya kubomoa. Atabandika marumaru mpya juu ya zile za zamani, nami nitaokoa fedha ya vibarua na kifusi. Je, nikubali? Na je, kuna sehemu ninayoweza kupunguza bila kujiharibia?

Fundi bomba, Igoma

Dada wa Buhongwa, nijibu kama mtu ambaye kazi hii ndiyo inayomlisha. Ukutani inawezekana, kwa sharti. Chukua sarafu, gonga kila kigae kimoja kimoja kuanzia juu hadi chini. Kilichoshika vizuri hutoa mlio mfupi uliokaza. Kilichoachia hutoa sauti ya debe tupu. Ukikuta vichache vimeachia, ving'olewe hivyo tu na pazibwe, kisha ukwaruze uso wa vilivyobaki na kutumia gundi inayofaa kazi hiyo, si saruji tupu, kwa maana saruji haishiki juu ya kitu kinachong'aa. Ukikuta nusu ya ukuta unalia kama debe, bomoa.

Sakafuni nakukataza. Marumaru na gundi yake huinua sakafu kwa karibu sentimita 2, na hapo mlango utagoma, trapu (tundu la sakafuni la kutolea maji) itabaki shimoni, na maji yatatafuta njia ya sebuleni. Kubwa zaidi ni kwamba utakuwa umefunika ugonjwa bila kuutazama. Mwanzisha uzi asingebomoa sakafu, angekuwa leo na bafu zuri juu ya bomba lilelile linalopanda mlima.

Nimsahihishe kidogo pia mwanzisha uzi, kwa heshima. Si lazima kutumia gundi kila mahali. Sakafu iliyomwagwa upya, ikawa mbichi na yenye mkwaruzo, inapokea marumaru kwa saruji na mchanga uliochekechwa bila tatizo, na hapo mtu anaokoa mfuko mmoja au miwili. Gundi iwekwe kwenye kuta, hasa kwa vipande vikubwa vya 30 kwa 60, ambavyo uzito wake huvivuta chini kabla saruji haijakamata.

Na ninaomba wenye nyumba mtuelewe kuhusu bei ya jumla. Fundi anapokutajia bei moja bila kubomoa, anakisia kama unavyokisia wewe. Mwenye busara atakutajia bei ya kubomoa kwanza, kisha bei ya pili baada ya kuona kilichomo. Vifaa nunua mwenyewe kwa orodha ya fundi, na ufundi ulipe kwa hatua: kiasi mabomba yakishalazwa na kupimwa maji, kiasi marumaru zikishakamilika, na kilichobaki ukishatumia bafu wiki moja. Fundi mzuri hakasiriki kwa mpango huo, kwa kuwa nasi tumechoka kuitwa wezi kwa sababu ya wachache wanaochukua fedha ya kuanzia na kuzima simu.

Swali kwa mwanzisha uzi: bomba la hewa lipo? Choo kisipokuwa na bomba linalopanda hadi juu ya paa, kila unapomwaga maji kwa nguvu yanavutwa pamoja na yale yanayokaa kwenye trapu kuzuia harufu, na mtu hubaki akinunua manukato ya chooni kila mwezi bila kujua tatizo liko wapi.

Mwanzisha uzi, Kitangiri

Fundi, nimekubali sahihisho lako. Bomba la hewa lilikuwapo tangu zamani, tulibadilisha kofia tu.

Dada yangu, kuhusu kupunguza, mimi ningeanzia kwenye kimo na eneo la marumaru. Si lazima kuta zote nne zivikwe. Maji ya shawa hupiga pembe moja. Ukivika ukuta wa mita 1.5 na kipande cha mita 0.9 cha ukuta unaofuata hadi kimo cha mita 2.1, unahitaji maboksi 4 badala ya 12, na kwa bei niliyonunulia mimi umeokoa 256,000. Kuta zilizobaki zipigwe lipu nzuri na rangi ya mafuta. Mkirudi kuwa na uwezo mtaendelea, alimradi uweke akiba ya boksi moja la rangi ileile, kwa kuwa madukani aina hubadilika na hutaipata tena.

Sakafuni usipunguze, wala usikubali marumaru zinazong'aa kwa sababu tu zimeshushwa bei. Ninasema hivi nikimfikiria mama. Dukani nilimwaga maji ya chupa juu ya vipande vitatu tofauti na kuvipitishia wayo mtupu, muuzaji akinitazama kwa mshangao. Viwili niliviacha palepale. Hata sakafu ya niru, yaani ya saruji iliyolainishwa, ambayo ni nafuu na wengi wetu tumekulia juu yake, inateleza sana ikipata povu la sabuni.

Kingine ambacho usikiguse ni dawa ya kuzuia maji na jaribio lake. Sisi tulipaka matabaka mawili sakafuni na kwenye kuta hadi kimo cha goti, kisha ikiwa imekauka tukaziba tundu la maji kwa tambara lililofungwa nailoni, tukajenga kizingiti kidogo cha saruji mlangoni, na kumwaga maji hadi yakafika kina cha sentimita 5. Nikachora mstari wa penseli ukutani mahali maji yalipoishia, tukafunga mlango na kuondoka. Baada ya saa 24 maji yalikuwa yameshuka kwa unene wa kidole. Fundi marumaru alisema huenda ni jua, lakini bafu halina jua. Tulipokausha tukakuta ufa mwembamba kama unywele kwenye pembe karibu na mlango, tukauziba, tukapaka tena na kurudia jaribio, na mara hiyo mstari na maji vilikaa pamoja. Jaribio hilo liligharimu siku mbili pamoja na nusu kopo la dawa. Kama ningelifanya baada ya marumaru, ningebomoa.

Mzee wa Igombe

Vijana wangu, nimesoma kwa makini. Sisi tunaokaa huku ufukweni shida yetu ni kinyume cha yenu. Kwenu jabali linawazuia kuchimba. Kwetu mchanga ni laini, mtu anachimba asubuhi na kumaliza jioni, lakini maji ya chini yako karibu. Masika yakiingia, shimo la majitaka linajaa kutokea chini, choo kinagoma, na gari la kunyonya likija leo, baada ya siku chache ni kama halikuja. Mtu akikarabati bafu akaweka choo cha kukaa kinachomwaga lita nyingi bila kulifikiria shimo, ameongeza tatizo.

Niliyoyafanya mimi ni haya. Nilijenga tenki la vyumba viwili lenye sakafu ya zege na kuta zilizopigwa lipu ndani, lisiloruhusu maji kuingia wala kutoka, na maji yaliyokwisha kutua ndiyo yanayokwenda kwenye mtaro mrefu usio na kina kirefu, uliojazwa kokoto. Kisima chetu kiko zaidi ya mita 30 kutoka hapo, na sikukubali kupunguza hata hatua moja, kwa sababu mchanga hauchuji kama watu wanavyodhani, na ziwa letu ndilo tunalochota, tunaloogea na tunalovulia. Nimewahi kuona bomba la bafu limeelekezwa moja kwa moja kwenye mkondo unaoingia ziwani, chini kidogo ya mahali wanawake wanapoosha dagaa. Gharama ya namna hiyo haiandikwi kwenye daftari la mwenye nyumba, lakini kuna watu wanailipa.

Mchangiaji wa Mabatini

Shikamoo mzee wangu, na asante kwa neno hilo. Ningependa kuongeza jambo kwa wa milimani. Katika baadhi ya mitaa ya vilima hapa mjini, ikiwemo ya Mabatini na Igogo, MWAUWASA, mamlaka ya maji ya hapa Mwanza, imelaza mfumo rahisi wa majitaka, wenye mabomba madogo yanayopita katikati ya nyumba mahali ambapo gari la kunyonya haliwezi kufika. Kabla hujapasua jiwe hata moja kwa ajili ya shimo jipya, nenda ofisini kwao uulize kama laini inapita karibu nawe na kuunganishwa ni kiasi gani, kisha linganisha. Sisi tulikuwa tumekwisha kununua matofali ya shimo. Tuliyauza.

Nina swali kuhusu maji ya moto. Mama mkwe wangu ana umri mkubwa na asubuhi za Juni na Julai huku juu kuna baridi ya upepo wa ziwa. Tenki letu liko juu ya mnara mfupi, na fundi anasema shawa ya umeme haitafanya kazi.

Fundi bomba, Igoma

Shikamoo mzee wa Igombe. Tenki la namna yako ndilo ninalowashauri wote wa mchangani, na wachache hukubali wakisikia bei.

Ndugu wa Mabatini, fundi wako ana hoja. Shawa ya umeme huwaka maji yanapoisukuma, na msukumo wa tenki unatokana na kimo cha maji juu ya shawa, si ukubwa wa tenki. Sakafu ya tenki ikiwa mita moja tu juu ya kichwa cha shawa, maji hutoka kama ya birika na kifaa hakiwaki, au huwaka na kuzima. Ama uinue mnara, ama uweke pampu ndogo, ama umchemshie mama maji kwenye sufuria na kuyachanganya kwenye ndoo, jambo ambalo si aibu. Ukichagua umeme, usiruhusu kamwe fundi aiunge shawa hiyo kwenye waya wa taa. Iwe na waya wake mnene kutoka kwenye kikata umeme chake, pamoja na waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, uliofika kweli ardhini. Kwenye jabali nguzo ya ethi haizami kirahisi, na nimekuta nyumba ambako waliikata ikabaki kipande cha shubiri moja. Hapo ndipo mtu hupigwa shoti akiwa amelowa.

Mchangiaji wa Buhongwa

Nimerudi na majibu. Niligonga ukuta wote kwa sarafu ya mia mbili, watoto wakinisaidia kutia alama ya chaki kwenye vinavyolia, na upande wa shawa vilikuwa vingi kuliko vizima. Nimeamua kubomoa upande huo na sakafu yote, kuta nyingine zibaki kwa rangi. Fundi amekubali kutoa bei mbili, ya kubomoa kwanza. Wabeja sana, yaani asanteni.

Mwanzisha uzi, Kitangiri

Hongera dada, na usisahau mstari wa penseli.

Nimalizie na habari ya huku. Katika zile siku 24 familia yangu ilikuwa inashuka kuoga kwa jirani wa chini, yuleyule ambaye maji yangu yalikuwa yanaharibu ukuta wake, na hakuwahi kutuonyesha uso wa kuchoka. Mama alikuwa akishuka ngazi za mawe akiwa ameshikwa mkono na binti wa nyumba hiyo. Wiki ya tano baada ya kuhamisha bomba nilikwenda kuutazama ukuta wake. Nilibandika kiganja pale palipokuwa panalowa, kikatoka kikavu, kikiwa na vumbi jeupe tu la chumvi. Tumelipiga brashi pamoja na kuacha ukuta upumue wiki mbili zaidi, kisha nikanunua ndoo ya rangi ya lita 4 kwa 28,000, nikaupaka mwenyewe Jumamosi iliyopita. Fedha hiyo ni sehemu ya gharama ya bafu langu, kwa hiyo wanaonakili hesabu hapo juu wasome jumla kuwa 2,435,000.